Maziwa ya Kuondoa Sumu

Mimi ndiye niliyemwambia mdogo wangu anywe maziwa. Naanzia hapo kwa sababu nimechoka kuanzia pengine. Kila nikimsimulia mtu habari hii najikuta naanza na zebaki, au na shemeji, au na Makongolosi yenyewe na vumbi lake, na nikifika mwisho mtu ananionea huruma. Sitaki huruma ya mtu. Nilimwambia kwa simu, nimesimama kwenye korido ya maabara, nimevaa koti jeupe, na nilimwambia kwa sauti ya mtu anayejua.

Mimi ni fundi wa maabara kwenye chuo kimoja hapa Iringa. Si mhadhiri wala si daktari, ingawa nyumbani kwetu Mbeya tofauti hiyo haimhusu mtu. Kwa mama yangu mimi ni daktari tu, na majirani wananiletea vidonda vyao nikienda likizo. Kazi yangu halisi ni kuosha vyombo, kupima kemikali, na kuandaa vitu ambavyo wahadhiri wataingia navyo darasani waonekane wajanja.

Kila mwaka wanafunzi wapya wakifika, naotesha vitunguu. Unakikalisha kitunguu juu ya glasi ya maji, kitako kiguse maji, na baada ya siku mbili tatu kinatoa mizizi myeupe. Asubuhi unakata ncha za mizizi, unazilainisha kwenye asidi, unazitia rangi nyekundu, unaweka ncha moja juu ya kioo na kuibonyeza kwa kidole gumba mpaka inasambaa. Ukichungulia kwenye hadubini unaziona seli zikigawanyika. Nyuzi zinajipanga katikati, zinavutwa huku na huku, kisha ukuta unajengwa kati yake na seli moja inakuwa mbili. Ndiyo kazi pekee pale chuoni ninayoifanya bila kunung'unika.

Sasa hayo maziwa. Baba yetu alikuwa mpiga rangi wa magari kwenye gereji moja Mbeya. Alipiga rangi kwa pampu, kajifunga kitambaa puani, na kila Jumamosi tajiri wake aliwapa wapiga rangi maziwa nusu lita kila mmoja, ya kuondoa sumu. Hivyo ndivyo walivyosema, na si gereji ile tu. Nenda popote watu wanapofanya kazi ya moshi, vumbi au dawa, utaambiwa kunywa maziwa. Baba alikuwa anakunywa nusu, nusu nyingine anatuletea mimi na mdogo wangu, na tulikuwa tunagombania kikombe. Alikohoa miaka mingi, akafa akikohoa, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza yale maziwa yalimfanyia nini. Tulisema ni kwa sababu alikuwa anatugawia.

Nikaenda kusoma, nikapata cheti, nikaajiriwa, na chuoni nikakuta mambo ni yale yale. Ijumaa tukimaliza kusafisha stoo ya kemikali tunaletewa maziwa, kila mtu pakiti yake. Wahadhiri wenye digrii mbilimbili wanakunywa. Nani angeuliza? Mimi mtu wa kuosha chupa niwaulize wao? Nilikunywa nikafuta mdomo.

Mdogo wangu aliolewa Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya. Mume wake ana hisa kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na wala si mtu mbaya, nasema mapema ili msianze kumtafuta mchawi. Mawe yakishasagwa, yanaoshwa na kuchanganywa na zebaki, ambayo inaikamata dhahabu na kufanya donge la kijivu, laini kama ugali uliopoa. Donge hilo lazima lichomwe ili zebaki itoke kwa moshi na dhahabu ibaki. Kazi ya kuchoma alipewa mdogo wangu, kwa sababu ni mwaminifu. Kuna wachomaji wengine hukwangua kidogo wakaficha kwenye kucha. Yeye mume wake alimwamini, na kwa kuaminiwa huko akawa anachomea jikoni kwake, kwenye kikaango cha zamani, juu ya jiko la mkaa, mlango umefungwa ili watu wasione.

Ndipo akanipigia simu. Aliniambia moshi ule unamwachia ladha ya chuma mdomoni, na mikono inamtetemeka kidogo akishika sindano.

"Dada, wewe uko na madawa kila siku," akasema. "Nyie huko mnafanyaje?"

Nikamwambia sisi tunakunywa maziwa. Nikaongeza, eti kwa utaalamu, kwamba ayanywe kabla ya kuchoma na si baada, yatandike tumbo. Hilo la kutandika tumbo nililitunga palepale. Sikuwa nimelisoma popote wala kulisikia kwa mtu, lilikuja tu mdomoni kwa sababu nilikuwa nimevaa koti jeupe na mtu ameniuliza.

Mimba yake ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi miwili. Ya pili ilitoka karibu na miezi mitatu. Mama mkwe wake alianza maneno. Mara mwanamke huyu ana jini, mara kwao kuna laana, mara aliwahi kutumia vidonge akiwa shule. Walimpeleka kwenye maombi, wakampeleka na kwingine ambako si kwenye maombi. Mdogo wangu alikuwa ananisimulia yote huku anacheka, lakini kile kicheko nakijua, ni cha mtu aliyekalia mwiba na hataki wageni wajue. Alitaka mtoto. Hakutaka kitu kingine duniani, hata hiyo dhahabu alikuwa anaichoma tu. Na kila tukimaliza kuongea alikuwa ananihakikishia kwamba maziwa anakunywa.

Mwaka juzi akaja mhadhiri mpya, mama mmoja mkali kidogo, asiyependa kuagiza bali kushika mwenyewe. Akaniambia vitunguu vya mwaka ule tuvioteshe kwa namna mbili: vingine kwenye maji safi, vingine kwenye maji yaliyotiwa haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda inayotoa povu. Nilimwuliza sababu, na yeye, tofauti na wenzake, alikaa kwenye stuli akanieleza kwa Kiswahili.

Alisema seli inapumua kama sisi, na katika kupumua huko inabaki na mabaki ya oksijeni yenye vurugu, yanayogusa kila kitu na kukiharibu, namna bati linavyoshikwa na kutu. Seli yenye afya ina vizimio vyake, inayazima mabaki hayo yanapotokea. Shida inaanza yakizidi vizimio. Hapo yanakula utando, yanakula protini, yanakatakata zile nyuzi zilizobeba maagizo ya mwili. Na seli haina haraka ya kipumbavu kama ya binadamu. Kabla ya kugawanyika inasimama, inakagua, inatengeneza kilichokatika, ndiyo inaendelea. Ikishindwa kutengeneza inabaki imesimama, au inajiua yenyewe ili isirithishe uharibifu. Iliyo mbaya zaidi ni ile inayogawanyika hivyo hivyo, na vipande vimekatika.

Tukatazama. Kwenye maji safi seli zilikuwa kwenye shughuli zake. Kwenye yale mengine kioo kizima kilikuwa kimelala. Seli zimejaa, nono, lakini hazigawanyiki. Nilizungusha kioo nikitafuta hata moja. Nilipoipata, nyuzi zilikuwa zimevutwa pande mbili na kipande kimoja kimebaki katikati peke yake, hakina wa kukivuta. Nilikitazama mpaka jicho likatoa machozi.

"Hii ni peroksaidi tu," mama yule akasema. "Mambo yanayoleta vurugu hii ni mengi. Moshi, dawa za magugu, metali nzito. Zebaki ndiyo usiseme, maana inavishika vizimio vyenyewe."

Nilikuwa nimeshika glasi. Niliiweka chini taratibu, maana ni mimi ninayelipishwa zikivunjika.

Sikumwambia mtu. Nilimpigia mdogo wangu nikamwomba anitumie maji ya lile dimbwi la nyuma ya nyumba yake, wanapooshea mchanga wa dhahabu. Alicheka sana. Aliuliza kama Iringa maji yamekatika. Akayatuma kwa basi, kwenye chupa ya soda iliyofungwa na mfuko wa nailoni, na nikaotesha vitunguu vinne kwenye kona yangu ya stoo. Kimoja maji safi, kimoja maji ya dimbwi. Cha tatu maji safi na maziwa, cha nne maji ya dimbwi na maziwa. Ndiyo, maziwa. Mtu mzima na cheti changu ukutani, nilikuwa namimina maziwa kwenye glasi ya kitunguu, nikitaka kile cha nne kiote.

Cha maji safi kilitoa mizizi mirefu. Cha dimbwi kilitoa vijiti vifupi, vinene, vyenye rangi ya chai. Vile viwili vya maziwa vilioza, vikanuka stoo nzima, na ndiyo harufu iliyomleta yule mama mhadhiri. Akauliza kama nimeanza kupika supu. Ikabidi nimweleze yote.

Hakunicheka tena. Alichungulia mizizi ya dimbwi kwa muda mrefu, kisha akaniambia mambo mawili. La kwanza, kitunguu si mwanamke. Dimbwi lina takataka nyingi zaidi ya zebaki, na mimba hutoka kwa sababu nyingi, kwa hiyo nisiende kuapa kwa watu kwamba nimegundua sababu. La pili, hata hivyo niende kesho nikamtoe kwenye moshi ule, maana moshi wa zebaki unafika mpaka kwenye kondo la mtoto na hilo halihitaji vitunguu vyangu.

"Na maziwa?" nikamwuliza.

"Moshi unaingia kwenye mapafu, maziwa yanaingia tumboni," akasema. "Vinakutana wapi?"

Sentensi fupi hivyo. Mtoto wa darasa la nne angeifikia peke yake. Baba yangu hakuifikia, tajiri wake hakuifikia, chuo kizima chenye maktaba ya ghorofa mbili hakikuifikia, na Ijumaa iliyofuata pakiti zikaletwa kama kawaida watu wakanywa.

Nilisafiri. Nililala kwa mama Mbeya, na mama akanifungia viazi na maharage ya kumpelekea mwanawe, akaniambia nimsalimie. Asubuhi nikapanda gari la Chunya, nikafika Makongolosi mchana, miguu imevimba. Mdogo wangu akanipokea mlangoni, na kabla hajasema kitu nilikuwa nimeshaona. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Hakuna nyingine iliyowahi kufika huko. Hakuniambia kwenye simu kwa sababu aliogopa kuitaja.

"Dada, safari hii nimenenepa," akasema, akanishika mkono akauweka pale. "Sikia."

Nilisikia. Mtoto aligonga mara moja, kama mtu anayegeuka kitandani.

Jikoni kikaango kilikuwa palepale juu ya jiko. Na kwenye rafu, pakiti za maziwa zimepangwa. Shemeji alikuwa anamnunulia yeye mwenyewe, hasahau hata siku moja, hata siku ambazo karasha halikuingiza kitu. Na kulikuwa na zaidi. Jioni ile walikuja wanawake wawili wa mtaani, wachomaji kama yeye, kuniona. Mmoja alipiga goti kunisalimia. Akasema wao wote pale mtaani wanakunywa maziwa kabla ya kuchoma, tangu mdogo wangu alipowaambia ushauri wa dada yake wa maabara. Kabla, si baada. Yatandike tumbo. Alilirudia neno langu kwa heshima, kama mtu anayesoma somo kanisani, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Nilitamani kumpiga. Nilitamani kumpiga yeye, maana mimi mwenyewe sikuwa na namna ya kujifikia.

Walipoondoka nikawaweka mdogo wangu na mume wake chini. Nikawaeleza habari ya vitunguu. Nilieleza vizuri, lazima niseme. Nilieleza kutu, nikaeleza vizimio, nikaeleza seli inayosimama kukagua kabla ya kugawanyika, na kwamba mtoto tumboni ni seli zinazogawanyika usiku na mchana, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kuumia. Nikawaonyesha picha za mizizi kwenye simu. Shemeji alizitazama moja moja, hakubisha. Alishika kichwa.

"Shemeji, mimi nilijua ni moshi tu kama wa kuni," akasema. "Kuanzia leo hachomi. Nitatafuta mtu, achomee huko huko karashani."

Akanyanyuka, akakichukua kikaango kile akakitoa nje. Nilimheshimu sana saa ile. Mwanaume wa dhahabu kumwachia mtu mwingine kuchoma si jambo dogo.

Tukabaki wawili. Mdogo wangu alikuwa anaishika ile mimba kwa chini, kama mtu aliyebeba beseni. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, alitaka kujua tu.

"Kwa hiyo, dada, maziwa yalikuwa ya bure?"

Nilikuwa na jibu. Nilisafiri nalo kutoka Iringa. Nilichotakiwa kusema ni ndiyo, ya bure, nilikudanganya, nililitunga, nisamehe. Ni maneno machache, na Kiswahili changu hakina tatizo. Lakini alikuwa ananitazama vile alivyokuwa ananitazama tukiwa wadogo, mimi nikimfundisha kusoma kwenye kipande cha gazeti, na mimba mbili zilikuwa zimepita katikati yetu, na nikaona nikisema ndiyo nitakuwa nimeziua mimi.

"Si ya bure kabisa," nikasema. "Yamesaidia kidogo. Ndiyo maana hii imefika hapa."

Akashusha pumzi. Akatabasamu. Akasema alijua tu.

Nilirudi Iringa nikiwa nimejipangia hadithi kichwani, kwamba kilichotakiwa ni aache kuchoma na ameacha, kwa hiyo maziwa ni kitu kidogo, ni uongo mdogo wa kumtuliza mjamzito. Nikaamini. Kila nikipiga simu aliniambia mtoto anacheza. Mimba ikatimiza miezi sita. Mama kule Mbeya akaanza kufuma kofia, na mama mkwe, yule wa maneno ya laana na majini, akaanza kumwita "mwanangu".

Kisha yule mchomaji aliyetafutwa akaenda msibani kwao, Ubaruku, na shemeji akapata donge ambalo mwenzake wa hisa alitaka ligawanywe siku ile ile. Shemeji alikuwa machimboni. Donge likaletwa nyumbani kwake, naye akapiga simu kuwaambia wenzake wasubiri mpaka arudi. Mdogo wangu akaona mume wake ataingia kwenye ugomvi na wenzake kwa ajili yake. Akakopa kikaango kwa jirani.

Alinipigia baada ya wiki moja, kutoka hospitali, Mbeya. Mama alikuwa naye. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. Akaniambia mtoto alikuwa wa kike. Akaniambia walimpa amshike kidogo. Sijui kama ni moshi wa siku ile, au ni wa miaka yote ile, au ni kitu kingine ambacho hakuna anayekijua. Yule mama mhadhiri angesema kitunguu si mwanamke. Sawa, si mwanamke.

Nikamwuliza kwa nini, mdogo wangu, kwa nini, si tulikubaliana. Na nilimwuliza kwa ukali, Mungu anisamehe, nilimfokea mtu aliyetoka kuzaa mtoto aliyekufa.

"Nilichoma mara moja tu, dada," akasema. "Na sikuchoma hivi hivi. Nilikunywa kwanza. Nilikunywa pakiti mbili nzima."

Nadhani alifikiri simu imekatika, maana aliniita mara mbili. Halafu akashusha sauti ili mama asisikie, akaniuliza kitu ambacho naona kilikuwa kimemsumbua wiki nzima.

"Au unadhani labda yalikuwa yamechacha?"

Nikamwambia inawezekana.